Jina la Kumnyamazisha Mtoto

Kama kulikuwa na mtu Soweto East, pale Kibera, aliyejua kumtunza mzazi na mtoto mchanga, mtu huyo alikuwa Nelima, na ukisahau angekukumbusha mwenyewe. Kwa miaka mingi aliuza mboga za kienyeji mbele ya mlango wake, mrenda, saga na kunde, na katika miaka hiyo alikuwa amekanda migongo ya wazazi wengi kuliko wakunga kadhaa ukiwaweka pamoja. Kwa hiyo mwanawe Murunga alipopiga simu kutoka Kawangware kusema mkewe amejifungua salama, mtoto wa kiume, Nelima hakungoja kuitwa. Alimwachia Jael, jirani yake na mwenzake wa kanisani, ile meza ya mboga, akafunga unga wa wimbi kwenye leso, akamshika jogoo miguu, akaenda kukaa Kabiro, mtaa wa hukohuko Kawangware, siku arobaini.

Nyumba ya Murunga ilikuwa chumba kimoja cha mabati ndani ya ploti yenye vyumba kumi na vinane, kimegawanywa kwa pazia. Murunga alichomelea mageti na madirisha kando ya barabara, akirudi jioni mikono imejaa alama za cheche. Mkewe Kalondu, msichana wa Kitui, alikuwa msusi kabla tumbo halijawa kubwa, na alikuwa na kicheko cha kumfanya ajishikilie ukutani. Nelima alimkubali shingo upande, maana alitaka mkaza mwana wa kwao, lakini alimkubali. Na alipompokea mjukuu mikononi, ule upande wa shingo ulinyooka wenyewe.

Siku nne za kwanza zilikwenda vizuri. Nelima alipika uji, alikanda, aliosha nguo za mtoto, aliwafukuza majirani waliokuja na mikono isiyonawa. Siku ya tano alirudi kutoka bombani na ndoo kichwani, akamkuta mtoto yuko uchi kwenye taulo kitandani, analia mpaka amekauka sauti, na Kalondu amechutama mbele ya karai, mkono mmoja umo majini. Nelima alitua ndoo, akatia kidole kwenye yale maji. Yalikuwa yamepoa kabisa. Machozi yalikuwa yakimtiririka Kalondu mpaka kidevuni na wala hakuyafuta.

"Kalondu! Mtoto analia hivi na wewe unaangalia ukuta?"

Kalondu aligeuka polepole. "Namsikia, mama. Namsikia vizuri. Sijui mbona siwezi kuamka."

Nelima alijua. Hapo ndipo kosa lilipo, na hakuna haja ya kuzungusha maneno. Hali ile aliijua kama mtu anavyolijua gauni lake hata akilikuta limevaliwa na mwingine. Aliyajua yale machozi yasiyo na kwikwi, aliijua ile ganzi ya miguu, aliujua ule ukuta. Alisimama pale, kisha akafanya lile ambalo watu wazima wenye akili zao timamu hulifanya kila siku: akatafuta jambo jingine la kushughulikia. Akamtazama mtoto.

"Huyu mtoto," akasema, "anataka jina."

Kwao Nelima, upande wa Kimilili, mtoto mchanga anayelia bila kukoma halii bure. Kuna marehemu wa ukoo anayemtaka. Wazee huketi, wakayataja majina ya waliotangulia moja baada ya jingine, na likitajwa lenyewe, mtoto hunyamaza. Hilo si jambo la kuchekwa. Wako watu wazito serikalini na vyuoni waliopata majina yao hivyo, nao huyataja kwa fahari. Mila haikuwa na kosa. Mila ilijua kuuliza mtoto anataka nini. Kumwuliza mama anataka nini, hiyo ilikuwa kazi ya walio hai.

Basi Nelima akampigia shemeji yake, Mzee Mang'eni, aliyebaki nyumbani kulinda makaburi na ng'ombe wawili. Mzee alisema hawezi kuja Nairobi kwa sababu ya magoti, lakini mizimu haikatazi simu. "Weka sauti ya nje," akaamuru, "halafu uniweke kwa sikio ya mtoto."

Nelima akaiweka simu kwenye mto, karibu na kichwa cha mtoto. Mzee akakohoa, akaanza kuita kama anayeita watu shambani. Barasa! Mtoto akalia. Wanjala! Mtoto akalia zaidi. Khaemba! Mtoto akacheua, hewa ikamtoka tumboni, akanyamaza.

Nelima alipiga vigelegele mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta kuuliza kuna heri gani. Kalondu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akiitazama simu.

Tangu siku hiyo hakuitwa Kalondu tena. Akawa Mama Khaemba.

Khaemba alidumu siku tatu. Siku ya nne mtoto alilia tangu asubuhi, na Kalondu akakataa chakula. Mzee Mang'eni alipigiwa tena. Alifikiri kidogo, akasema kwamba Khaemba alikuwa mlevi na hata alipokuwa hai hakukaa mahali pamoja. Huenda amekuja akaondoka. Akaita majina mengine. Mtoto akanyamaza kwa Makokha, kwa kuwa wakati huo alikuwa tayari ameshika titi. Kalondu akawa Mama Makokha.

Aliyezaa aliendelea kuzama. Hakulala hata mtoto alipolala. Alisahau kujifunga kitambaa, alisahau uji mkononi mpaka ukashika utando. Alasiri moja Nelima alikuwa amekaa mlangoni akichambua mrenda, naye Kalondu akaja akachuchumaa karibu yake. Hilo lenyewe lilikuwa jambo, maana kwa siku kadhaa hakuwa amemsogelea mtu.

"Mama," akasema, "huyu mtoto akilia, akinyonya ananyamaza. Ni mimi ndiye sinyamazi."

Nelima hakuinua macho kwenye mboga.

"Murunga akienda kazi na wewe ukienda kuteka maji, nikibaki na yeye peke yangu naogopa."

"Unaogopa nini? Mchana hivi?"

"Najiogopa mimi."

Mikono ya Nelima ilisita. Jani la mrenda lilikuwa katikati ya vidole vyake na hakujua alitaka kulitupa au kulitia kwenye sufuria. Lilimjia neno kinywani, neno moja tu, "hata mimi", na laiti angelitoa, hadithi hii ingekuwa fupi na isingemuuma mtu. Lakini Nelima alikuwa mama mkwe. Mama mkwe hamwambii mke wa mwanawe kwamba naye aliwahi kuwaza mambo yasiyosemeka akiwa na mtoto mapajani.

"Mama mzazi halii," alisema. "Akilia maziwa inachacha. Nenda kunywa uji, Mama Makokha."

Kalondu alikaa kidogo, kama anayengoja kilichobaki. Alipoona hakuna kilichobaki, aliinuka akaingia ndani.

Wiki hiyohiyo akaja Wakarima. Huyu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mama wa makamo mwenye kizibao cha buluu na simu ya kazi yenye maswali ndani, na hapakuwa na ploti ya Kabiro ambayo hakumjua mbwa wake. Alimpima mtoto, akamsifu, akamgeukia mama.

"Sasa ni zamu yako. Hizi wiki mbili, umekuwa ukipata usingizi mtoto akilala?"

"Analala vizuri," akasema Nelima.

"Umekuwa ukicheka, ukifurahia vitu kama zamani?"

"Huyu? Alizaliwa akicheka."

"Umejilaumu mambo yakiharibika, hata bila sababu?"

"Ajilaumu kwa nini na mimi niko hapa?"

Wakarima akaiweka simu mapajani. "Mama, naongea na mzazi."

"Na mimi nimezaa watano," akasema Nelima. "Hayo maswali yenu ya ofisi muulize mtu ambaye hana mtu wa kumwangalia."

Kalondu alikuwa akitazama sakafu. Wakarima alimtazama kitambo, kisha akamuuliza polepole, "Umewahi kuwaza kujiumiza?" Kalondu akafungua mdomo, akamwangalia mama mkwe wake, akaufunga.

Nelima alimsindikiza mgeni mpaka kwenye geti, lililopakana na ukuta wa chumba chao, kwa heshima lakini pia ili ahakikishe ameondoka. Wakarima alisimama pale kwenye maji machafu, hakuwa na haraka.

"Mama, usinichukie. Huyu msichana hako sawa, na wewe si mjinga, unaona. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kuna nesi pale kituo cha afya, huku upande wa Satellite, kazi yake ni kuongea na wazazi kama hawa. Si wazimu. Ni ugonjwa kama malaria. Mlete siku yoyote, hata saa hii."

"Asante," akasema Nelima, akalifunga geti.

Hakumwambia Murunga. Lakini mabati hayatunzi siri, na upande wa pili wa ukuta Kalondu alikuwa amelisikia kila neno.

Murunga naye hakuwa kipofu. Jumapili moja alimvuta mamake nje, akasimama akikwaruza kovu la cheche kwenye kiganja.

"Mathe, Kalo hako sawa. Jana nimemwongelesha akaniangalia tu, ni kama niko mbali. Kuna jamaa wa kazi, bibi yake alikuwa hivi. Walienda hosi, akapewa dawa na mtu wa kuongea na yeye, saa hii ako fiti. Wacha nimpeleke."

"Umpeleke aandikwe mwendawazimu? Hiyo faili ikishafunguliwa itafungwa na nani? Kesho ukikosana na yeye, watu wa kwao watasema ni wewe ulimharibu akili. Na mtoto wakimchukua?"

"Mathe, hakuna mtu anachukua mtoto."

"Nisikilize." Nelima alishusha sauti. "Wewe nilikuzaa nikalia mwezi mzima. Sikula, sikulala. Nyanya yako akakaa na wazee, wakakuita Murunga. Siku hiyohiyo nikanyamaza. Muulize mtu yeyote kule nyumbani. Ni jina tu hatujapata."

Murunga angejibu nini? Ushahidi wenyewe ulikuwa yeye. Alikuwa amesimama pale, mwanamume mzima, mwenye afya na jina lake. Akarudi ndani.

Jina la tatu likapatikana siku ya thelathini na tano. Mzee Mang'eni alikuwa amechoka sasa, akaita kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, na alipofika kwa Sitati, ndugu yake mpole aliyekufa kijana, mtoto akalala. Na safari hii likatokea jambo ambalo hata Nelima hakulitegemea. Kesho yake Kalondu aliamka alfajiri, akaoga, akafagia. Hakulia. Alikunywa uji wote. Siku iliyofuata alimwita jirani akamsuka nywele. Murunga alirudi kutoka kazini akapakuliwa ugali na tabasamu juu, akafurahi kama mtu aliyetoka jela.

"Unaona?" akasema Nelima.

Lakini moyoni hakuona vizuri. Kila alipolitazama lile tabasamu, aliyageuza macho, kwa sababu ile hadithi aliyomsimulia Murunga ilikuwa kweli yote isipokuwa mwisho wake. Ni kweli alilia mwezi mzima. Ni kweli wazee walikaa na jina likapatikana. Ni kweli alinyamaza siku hiyohiyo. Alichokiacha ni kwamba jioni ile mama mkwe wake alimfuata jikoni akamwambia, jina limeshapatikana, sasa ukilia tena tutajua ni wewe, na utarudi kwenu bila mtoto. Basi akanyamaza. Alitwanga, alichota maji, alitabasamu kwa wageni, na mara mbili katika mwaka ule alikwenda peke yake mpaka mtoni bila mtungi. Mara zote mbili alirudi, hakujua kwa nini. Nelima alimlea Murunga vizuri, hakumpiga wala kumnyima, lakini alimlea kama mtu anayetunza chungu cha kuazima, akiogopa kukivunja na akingoja mwenyewe aje kukichukua. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kijiji kizima kilisema jina limefanya kazi, na mwisho wake naye akaanza kusema hivyo, miaka ikapita, akaamini.

Siku ya arobaini iliangukia Jumamosi, na Nelima alikuwa amepanga shukrani. Jael alikuja kutoka Kibera na akina mama watano wa kanisa, wamevaa vitambaa vyeupe. Chumba kilijaa, wengine wakakaa kitandani, jogoo akaliwa. Kalondu alizunguka na birika la chai, nywele zimesukwa, gauni la kijani. Wageni walimsifu mbele yake kama vile hayupo. Mnaona alivyong'aa! Bwana ametenda!

Asubuhi ile, kabla ya wageni, alikuwa amefua nguo zote za mtoto, hata zilizokuwa safi, akazikunja kwa mafungu. Alikuwa amemwonyesha Murunga jinsi ya kumfunga mtoto kitambaa, mara mbili, akamwambia ajaribu mwenyewe. Na alikuwa amemwambia Nelima, "Mama, maziwa nimekamua, iko kwa kikombe ndani ya maji baridi." Nelima aliyaona haya yote. Aliyapanga kichwani moja moja, kama anavyopanga mafungu ya mboga, na jumla yake aliijua.

Nitaongea naye wakishaenda, alijiambia. Nitamwambia yote. Wageni wakitoka tu.

"Nelima, simama utushuhudie!" Jael akasema.

Nelima akasimama. Alianza kwa sauti ndogo, lakini aliwajua watu wake, nao walimjua, na ushuhuda una utamu wake. Akaeleza jinsi mtoto alivyolia, jinsi mama alivyolia, jinsi shetani alivyotaka kuvuruga nyumba. Ameni, wakasema. Alipofika kwenye jina la pili, alimwona Kalondu akimweka mtoto mikononi mwa Jael. Aliiona namna alivyomweka, akimtengenezea shingo, akiivuta shuka ifunike miguu, kisha akabaki ameshika kidole cha mtoto muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akachukua beseni tupu, akasema kitu kuhusu nguo zilizo kwenye kamba, akatoka.

Nguo zilikuwa zimekunjwa tangu asubuhi. Nelima alilijua hilo akiwa katikati ya sentensi.

Angekatiza. Neno moja lingetosha, au hata angetoka bila kusema neno. Watu wangeshangaa, wangenong'ona mpaka Kibera, na basi. Lakini wote walikuwa wamemkodolea macho, na jina la tatu lilikuwa bado. Akaendelea. Akalitaja Sitati, vigelegele vikapigwa, mama mmoja akaanzisha wimbo, wimbo ukazaa maombi, na maombi ya akina mama wale hayakuwa ya dakika mbili. Nelima alifumba macho pamoja nao. Aliomba kwa nguvu kuliko wote.

Waliposema ameni ya mwisho, beseni lilikuwa limewekwa chini kwenye mlango, tupu. Simu ya Kalondu ilikuwa juu ya kitanda.

"Ameenda wapi?" Murunga aliuliza, bado anatabasamu. Alipomwona mamake uso, tabasamu likaisha. "Mathe. Ameenda wapi?"

"Mtoni," akasema Nelima, na hakujua amelisema kwa sauti.

Wakakimbia. Murunga alitangulia kushuka mteremko wa nyuma ya ploti kuelekea kijitoni, akiuliza kila mtu, gauni ya green, nywele amesuka, mmemwona? Nelima alimchukua mtoto kwa Jael, akafuata naye kifuani, viatu vya kanisani vinateleza kwenye matope. Kile kijito cha chini, kilichojaa chupa na mifuko, hakikuwa na mtu. Murunga akaingia mpaka magotini, akapapasa maji kwa mikono, akiita, "Kalondu! Kalondu!" Hakuita Mama Sitati. Mtoto akaamka akaanza kulia, na Nelima hakuwa na jina la kumpa.

Ndipo simu ya Murunga ikalia. Alikuwa Wakarima.

"Murunga? Niko na Kalondu hapa kituo cha afya. Amekuja mwenyewe, kwa miguu. Ako hai. Umesikia? Ako hai. Kujeni na mtoto, anataka kumnyonyesha."

Murunga alikaa chini pale pale kwenye matope, akalia kwa sauti kama mtoto. Nelima alitaka kumshika bega, lakini hakuthubutu.

Kituo cha afya kilikuwa kidogo, na benchi la mbao kwenye veranda. Nesi aliyewapokea alikuwa kijana mtaratibu aliyeitwa Gichuru, kalamu sikioni. Alimchukua mtoto, akamtazama Murunga, akamwambia aingie. Nelima akainuka pia.

"Wewe, mama, ngoja kidogo," akasema Gichuru. "Amesema mume wake aingie. Wewe amesema ubaki nje."

Maneno yale yalisemwa bila ukali, na Nelima aliyapokea bila ubishi, jambo ambalo lingemshangaza yeyote aliyemjua. Akarudi kwenye benchi. Kupitia mlangoni alimsikia Kalondu akiongea, kwa sauti ya chini isiyo na tabasamu. Maneno hakuyashika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka sana ambaye hatimaye ameruhusiwa kukaa chini. Wakati mmoja alilia kwa kwikwi, kilio hasa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baada ya muda mrefu Gichuru alitoka na karatasi, akaketi karibu yake.

"Leo hatumwachi peke yake. Tunampeleka hospitali kubwa, nitaenda naye. Ni sonona ya baada ya kujifungua, mama, nyinyi mnasikia watu wakiita depresheni. Inatibika, na amefanya vizuri sana kuja. Lakini angekuja mapema ingekuwa rahisi." Akaitoa kalamu sikioni. "Kuna kitu daktari atataka kujua. Yeye siku zimemchanganyikia. Amesema wewe ndiye unajua ilianza lini."

Nelima aligeuka kumtazama. "Amesema hivyo?"

"Amesema uliona."

Kwa hiyo alijua. Siku zote hizo, chini ya majina yote yale, msichana yule alijua kwamba ameonekana na ameachwa. Nelima alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Siku ya tano," akasema.

"Na leo ni ya ngapi?"

"Arobaini."

Gichuru akaandika. Nelima angependa aseme kitu, angependa atukanwe, kwa sababu ile kalamu ilikuwa inatembea tu kwenye karatasi.

"Uliona siku ya tano," kijana akasema bila kuinua kichwa, "ukajuaje si uchovu tu? Wengi hawajui."

Nelima alitazama mikono yake, iliyokaa mapajani haina kazi.

"Hata mimi," akasema. Lilitoka dogo na kavu, kama kitu kilichokaa sana chini ya godoro. "Nilipomzaa huyu Murunga. Ilinishika hivyohivyo."

Kalamu ikasimama. Gichuru akamtazama sasa, kwa mara ya kwanza akimtazama yeye, si mama mkwe wa mgonjwa.

"Pole, mama. Ulitibiwa wapi?"

"Sikutibiwa."

"Na ulipona lini?"

Nelima akafungua mdomo ajibu. Alikuwa na jibu, alilibeba miaka yote: siku ya jina. Lakini hapa hakuna aliyelitaka, akaliacha, akaanza kutafuta jingine. Akarudi nyuma mwaka mmoja, akarudi mitano, akapita Soweto East na meza ya mboga, akapita watoto wanne waliomfuata Murunga, harusi na matanga, akitafuta hata asubuhi moja aliyoamka akajikuta amerudi kuwa yule wa zamani. Gichuru alingoja, kalamu juu ya karatasi. Ndani mtoto alikuwa akinyonya, na Murunga alikuwa akimwita mkewe kwa jina lake.

"Mama?" akasema nesi. "Hata kama ni makisio tu."

Nelima aliendelea kutafuta.